Hogo, chuma au mganga wa mifupa: mfupa ukivunjika Tanga, ufuate njia ipi?

Mtu akivunjika mguu katika Jiji la Tanga, au Muheza, au Pangani, kikao cha familia huanza kabla uvimbe haujatulia. Mjomba anataka apelekwe Bombo, hospitali ya mkoa, akafungwe hogo, yaani plasta ngumu. Shangazi, ambaye hana imani na kisu, anamtaja mzee wa kijijini anayeunga mifupa kwa magango na mafuta. Na ndugu aliyeko Dar es Salaam anapiga simu kusema kwamba siku hizi mfupa hautibiwi isipokuwa kwa chuma. Kila mmoja wao ana mfano wa mtu aliyepona kwa njia anayoitetea, na kila mmoja anasema kweli. Ndiyo maana kikao hicho huwa kirefu.

Liko jambo moja ambalo ni vyema liwekwe wazi kabla ya kulinganisha chochote: mfupa hujiunga wenyewe. Si hogo, si chuma, wala si mafuta ya mganga yanayouunga. Vyote hivyo kazi yake ni kuushikilia mahali pake wakati mwili unafanya kazi yake. Kwa hiyo habari kwamba fulani aliunga haitoshi kuonyesha kwamba tiba aliyopewa ilikuwa njema. Maswali ya kuuliza ni mengine. Je, mfupa umeunga ukiwa umenyooka na kwa urefu wake uleule? Je, goti au kiwiko kinakunjika na kunyooka kama zamani? Alirudi kazini baada ya muda gani, na wakati amelala ni nani aliyeacha shughuli zake ili kumuuguza? Kwa maswali hayo njia hizi tatu zinaachana mbali, na zinaachana kwa namna tofauti kulingana na mfupa wenyewe, umri wa mtu, na kama ngozi imepasuka au haikupasuka.

Mfupa unavyojiunga

Mfupa ulio hai una damu inayozunguka ndani yake, nao hubomolewa na kujengwa upya kidogo kidogo maisha yote. Unapovunjika, damu humwagika na kuganda kati ya ncha mbili, na kwa siku chache za kwanza mahali hapo huvimba na kupata joto. Uvimbe huo ni mwanzo wa kupona. Katika wiki ya pili na ya tatu chembe hai hujenga daraja laini la nyuzi na gegedu ambalo kwenye eksirei halionekani vizuri, lakini tayari linazishika ncha zisitelezeane ovyo. Kisha daraja hilo hupokea kalsiamu na madini mengine, nalo likawa gumu. Mifupa ya mkono ya mtu mzima kwa kawaida huhitaji wiki 6 hadi 8, wakati muundi, yaani mfupa wa ugoko, na mfupa wa paja huhitaji wiki 12 hadi 16 na pengine zaidi. Mtoto hutumia takriban nusu ya muda huo. Hata baada ya hapo mfupa huendelea kuchongwa na mwili kwa miezi na miaka, ukiongezwa unene unapobebeshwa uzito na kupunguzwa usipobebeshwa, kama alivyoeleza mtaalamu wa Ujerumani Julius Wolff mwaka 1892.

Ili kazi hiyo iende sawa, mfupa unataka damu ya kutosha, ncha zilizo karibu, na utulivu wa kiasi. Nasema wa kiasi kwa sababu mtikisiko mdogo ndani ya hogo, au kwenye msumari uliopitishwa ndani ya uboho, huuchochea mfupa ujenge nundu ya kuungia, ilhali mtikisiko mkubwa hulivunja daraja kila linapojengwa. Bamba la chuma lililokazwa kwa skrubu hufanya kazi kwa njia nyingine: huzibana ncha zisitikisike hata kidogo, na mfupa huunga moja kwa moja bila nundu yoyote. Mgonjwa aliyewekewa bamba asiingiwe na hofu akiona eksirei yake haina nundu kama ya jirani yake aliyefungwa hogo.

Mtoto ana hesabu yake. Huzaliwa na mifupa ipatayo 270, ambayo mingine huungana anapokua hadi kufikia 206 ya mtu mzima, na mifupa yake mirefu hurefuka kutokana na matabaka laini ya ukuaji yaliyo karibu na viungo. Matabaka hayo hufunga kabisa mwishoni mwa balehe, mapema kidogo kwa wasichana kuliko wavulana. Kabla hayajafunga, mfupa ulioungana ukiwa umepinda kiasi unaweza kujinyoosha mtoto anapoendelea kukua, hasa ikiwa pindo liko karibu na tabaka la ukuaji na linafuata upande ambao kiungo hujikunja. Mfupa uliojizungusha, yaani kiganja kikatazama pasipo pake, haujirekebishi. Na tabaka lenyewe likiumia, mfupa unaweza kubaki mfupi au kukua upogo, kwa hiyo mtoto aliyevunjika karibu na kiungo apigwe eksirei hata kama anaonekana ametulia.

Hogo na chuma, mfupa kwa mfupa

Hogo si tiba ya watu wasio na uwezo. Plasta ya jasi ilianza kutumika na Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, mwaka 1851, na hadi leo kuna mivunjiko ambayo kwayo hakuna chuma kinachoishinda plasta hiyo. Mtoto aliyeanguka kutoka kwenye mwembe akavunjika kigasha, yaani mkono kati ya kiwiko na kiganja, mara nyingi mifupa huvutwa na kunyooshwa, hufungwa plasta, na baada ya wiki chache anarudi shuleni bila kovu. Mtulinga, yaani mfupa ulio kati ya shingo na bega, wa mtu mzima aghalabu hautaki hata hogo. Mkono ukining'inizwa shingoni kwa kitambaa kwa wiki kadhaa, unaunga, ingawa huacha kinundu kidogo kinachoonekana chini ya ngozi. Muundi uliovunjika bila ngozi kupasuka na bila kuhama sana unaweza kutibiwa kwa hogo, mradi mgonjwa akubali kurudi kupigwa eksirei ndani ya wiki ya kwanza na ya pili, kwa kuwa uvimbe ukinywea hogo hulegea na ncha huweza kuteleza. Wengi hawarudi kwa sababu maumivu yamekwisha, na hapo ndipo miguu mingi hupinda.

Kigasha cha mtu mzima, hata hivyo, ni jambo jingine. Mifupa yake miwili huzungukana kila unapogeuza kiganja juu na chini, na ikiunga kwa upogo, mwenye mkono hatageuza ufunguo mlangoni wala kupokea chenji kwa kiganja kilichofunguka. Hapo bamba na skrubu ni bora kuliko hogo karibu kila mara, na sioni sababu ya kuogopa kisu kwa mfupa huo isipokuwa mgonjwa ana maradhi mengine yanayozuia upasuaji.

Mfupa wa paja ndio unaostahili kuzungumzwa kwa kirefu, maana ndio unaowaangusha vijana wa bodaboda wa mkoa huu na ndio unaozitesa familia zao. Misuli ya paja ina nguvu nyingi, nayo ikiachwa huzivuta ncha zipandiane na mguu ukafupika. Hogo la kawaida haliwezi kushindana nayo. Kwa mtu mzima zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni kuvutwa: pini hupitishwa kwenye mfupa chini ya goti, kamba hufungwa, uzito huning'inizwa mwisho wa kitanda, na mgonjwa hulala chali kwa wiki 8 hadi 12. Ya pili ni msumari mrefu wa chuma unaopitishwa ndani ya uboho, ambao Gerhard Küntscher aliuanzisha Ujerumani mwaka 1939, na ambao humwezesha mgonjwa kuketi siku inayofuata na kutembea kwa magongo ndani ya siku chache.

Kuvutwa huonekana kuwa nafuu kwa sababu hakuna ada ya upasuaji wala ya chuma. Lakini mtu anayetoka Pangani, aliyelala wodini miezi miwili na nusu, ana mke au mama anayelala chini ya ubao wa kitanda, anayenunua chakula mjini kila siku na aliyeliacha shamba au kibanda chake. Kulala huko huleta vidonda vya mgongoni, goti hukakamaa, misuli hunywea, na damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya mguu. Ukijumlisha yote hayo, msumari mara nyingi hutoka rahisi zaidi. Sababu kubwa ya watu kukosa msumari zamani ilikuwa kwamba upasuaji wake ulitaka mashine ya eksirei inayoonyesha picha palepale chumbani. Shirika la SIGN la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999, lilitengeneza msumari unaofungwa kwa kufuata kielekezi cha chuma kilicho nje ya mguu, bila mashine hiyo, na msumari huo umetumika sana katika hospitali za Tanzania. Kwa hiyo, kwa paja la mtu mzima, swali la kumuuliza daktari ni kwamba msumari utapatikana hapa au ni lazima kupewa rufaa, na lini. Rufaa ya Tanga huelekea Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, au Moshi, kwenye hospitali ya rufaa ya KCMC. Pote pawili ni mwendo wa kilomita zipatazo 350. Kwa mtoto mdogo hakuna haja ya haraka hiyo, kwani paja lake huunga kwa kuvutwa au kwa hogo la kiunoni ndani ya wiki 4 hadi 6.

Paja lililovunjika huweza kumwaga lita moja ya damu ndani ya misuli bila tone kuonekana nje, na mwili mzima wa mtu mzima una lita zipatazo tano. Mguu ufungwe kwenye ubao, au na mguu mzima ulio pembeni yake kwa kanga mbili tatu, kabla ya kumpakia mgonjwa; asikalishwe kwenye bodaboda. Fomu ya PF3 ya polisi aifuate ndugu mwingine wakati majeruhi tayari anahudumiwa.

Ngozi ikipasuka, mizani hubadilika kabisa. Mfupa uliotoka nje, au kidonda kidogo tu kinachochuruzika damu juu ya mvunjiko, umeshapokea vumbi la barabara, na adui sasa ni usaha ndani ya mfupa, ugonjwa unaoweza kumwandama mtu miaka mingi. Antibiotiki ya sindano inatakiwa mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa ya kwanza, pamoja na kinga ya pepopunda na kuoshwa kidonda chumba cha upasuaji. Kwa muundi wa namna hiyo, madaktari huchagua kati ya msumari wa ndani na vyuma vya nje ambavyo watu huviita antena. Utafiti uliofanywa MOI na kuchapishwa mwaka 2020 uliwalinganisha wagonjwa wa njia hizo mbili: kwa vifo na kurudiwa upasuaji hazikuonekana kuachana kwa namna ya kuaminika, lakini waliopewa msumari mifupa yao ilinyooka vizuri zaidi, na katika wiki za mwanzo walikuwa na hali nzuri zaidi. Mimi ningechagua msumari kidonda kikiwa safi, na antena nyama ikiwa imechanika sana, kwa sababu antena humwachia muuguzi nafasi ya kukisafisha kidonda.

Viungo

Mvunjiko unaoingia kwenye kiungo huhukumiwa kwa sheria kali kuliko ule wa katikati ya mfupa. Ncha za mifupa ndani ya goti, kiwiko au kifundo zimefunikwa na gegedu laini linaloteleza kwenye ute, na gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo likikwaruzwa halirudi kuwa kama lilivyokuwa. Ngazi ya milimita mbili tatu, ambayo katikati ya paja isingeonekana hata kidogo, ndani ya kiungo hulisaga gegedu kila hatua, na baada ya miaka mtu anakuwa na goti la mzee akiwa na umri wa miaka 40. Hapa kupangwa sawasawa kwa upasuaji na kuanza kukunja kiungo mapema ni bora kuliko hogo la miezi.

Kiwiko cha mtoto wa miaka mitano hadi saba kinahitaji uangalifu wa pekee. Akiangukia kiganja mkono ukiwa umenyooka, mfupa huvunjika juu kidogo ya kiwiko, na ncha yake kali hukaa jirani na mshipa mkubwa wa damu wa mkono. Mvunjiko uliohama hurudishwa na kushikwa kwa pini nyembamba mbili au tatu ambazo hutolewa baada ya wiki chache. Wazazi wengi hudhani mkono umeteguka tu, wanaukanda kwa maji moto, na siku ya tatu vidole vimepoa.

Nyonga ya bibi aliyeanguka bafuni ni jambo la siku chache. Shingo ya mfupa wa paja hupata damu kwa mishipa myembamba inayokatika inapovunjika, na mara nyingi mfupa hauungi hata ukisubiriwa. Tiba ni kubadilisha kichwa cha mfupa au kuweka skrubu. Najua familia nyingi husema mama ni mtu mzima, aachwe apumzike. Kulala kitandani kwa mtu wa umri huo huleta homa ya mapafu na vidonda, na kumwacha bila upasuaji ni hatari kubwa kuliko upasuaji wenyewe, isipokuwa moyo au mapafu yake hayawezi kabisa kuhimili.

Nyonga iliyochomoka, hata ya kijana, irudishwe ndani ya saa sita hivi, kwa sababu kadiri inavyokaa nje ndivyo kichwa cha mfupa kinavyozidi kuwa katika hatari ya kufa kwa kukosa damu.

Mganga wa mifupa

Si haki kumlinganisha mganga na hospitali kwa kumdharau. Yuko karibu, anapokea malipo kidogo kidogo, anazungumza na mgonjwa kwa utulivu, na magango yake ya vijiti au mianzi mara nyingi huacha viungo vya juu na chini vikiwa huru, jambo linalozuia kukakamaa. Ndiyo maana mvunjiko mwepesi wa katikati ya mkono unaweza kupona vizuri mikononi mwake. Mkono huo, hata hivyo, ungepona vilevile kwa hogo, na kwa usalama zaidi.

Anachokosa mganga ni eksirei, bila hiyo hawezi kujua kama mvunjiko umeingia kwenye kiungo au kama ncha zimepandiana. Kukanda kiwiko kilichovunjika huweza kuifanya misuli iliyo jirani ijenge mfupa mahali pasipo pake, na mkono ukabaki umekunjwa daima. Chale zilizochanjwa juu ya mvunjiko uliofungika huugeuza kuwa mvunjiko wa wazi. Lakini kubwa kuliko yote ni kukaza. Misuli ya kigasha na ya muundi imefungwa ndani ya mifuko migumu isiyotanuka. Uvimbe ukiongezeka chini ya magango yaliyokazwa, shinikizo huibana mishipa midogo ya damu, na misuli huanza kufa ndani ya saa sita hivi. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann aliueleza mkono unaobaki umejikunja kama kucha za ndege baada ya ajali ya namna hii mwaka 1881. Hogo lililokazwa linaweza kuleta balaa hilohilo. Tofauti ni kwamba hospitali inaweza kulipasua usiku huohuo.

Dalili zake kila mlezi azijue, kwa hogo na kwa magango. Maumivu yanazidi badala ya kupungua, hata baada ya dawa. Ukikinyoosha kidole cha mguu au cha mkono taratibu, mgonjwa analia kwa maumivu ya ndani ya misuli. Bonyeza ukucha hadi uwe mweupe, kisha uachie. Wekundu unatakiwa urudi ndani ya sekunde mbili hivi. Ganzi, vidole kupoa na kushindwa kuvichezesha huja baadaye, na anayesubiri dalili hizo amechelewa. Tena, wekundu wa ukucha kurudi upesi si uthibitisho wa usalama; maumivu ya kunyoosha kidole ndiyo ya kuaminiwa. Legeza kila kilichofungwa, kisha nenda hospitali bila kungoja asubuhi.

Kwa hiyo, kama familia imeshaazimia kwenda kwa mganga, eksirei itangulie, ioneshwe kwa daktari, na mambo haya yasipelekwe kwake kabisa: paja, nyonga, kiwiko cha mtoto, mvunjiko wa wazi, na mgongo wa mkwezi aliyeanguka kutoka mnazini, ambaye anatakiwa abebwe akiwa amelala sawa juu ya ubao.

Baada ya kuchagua

Hogo la jasi huchukua siku mbili hadi tatu kukauka kabisa, na kwa unyevu wa pwani wakati wa masika linaweza kuchelewa zaidi. Lisifunikwe kwa nailoni kabla halijakauka, lisiguswe na maji baadaye, na mguu uinuliwe juu ya mto kwa siku hizo za mwanzo. Kijiti cha kujikunia kisiingizwe ndani. Mwenye chuma cha ndani ana kazi nyingine: kidonda kikianza kutoa majimaji au homa ikirudi, arudi kwa aliyempasua, wala asijinunulie antibiotiki dukani.

Njia zote tatu zinataka mazoezi ya viungo vilivyo huru tangu siku ya kwanza, chakula chenye protini na kalsiamu, ambacho dagaa waliwao na mifupa yao hukitoa kwa bei nafuu, na kuacha sigara, kwa kuwa moshi wake hupunguza damu inayofika kwenye mfupa na kuchelewesha kuunga. Mwenye kisukari aangalie sukari yake kwa ukaribu zaidi, kwa sababu mifupa yake huunga polepole na vidonda vyake hupata usaha upesi.

Swali la mwisho linaloulizwa na karibu kila aliyewekewa chuma ni lini kitatolewa. Kwa mtu mzima, si lazima kitolewe. Kisipoleta maumivu, kisichubue ngozi na kisipate usaha, kinaweza kubaki humo maisha yote, na kukitoa ni upasuaji mwingine unaoacha matundu ya skrubu yanayoudhoofisha mfupa kwa muda. Kwa mtoto anayeendelea kukua daktari kwa kawaida hupanga kukitoa mapema, kabla mfupa haujakifunika, na tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi yake siku anaporuhusiwa kurudi nyumbani.